Picha Iliyokataa Rangi

Watu wa Mtunda midomo yao haina komeo. Mume wangu Tamimu alipokwenda kwenye mikoko ya Salale kukata boriti asirudi, hata mwezi haujaandama nimekwisha kusikia kisimani kwamba yuko Mafia, kapata mwanamke mwenye minazi. Siku chache baadaye yule mwanamke akawa ana mimba. Nikawaambia, jamani, huyo mtoto msimpe jina kwanza, mngojeni hata babake afike. Wakacheka. Nilipogeuza kisogo na mtungi wangu wakaendelea pale pale walipoachia.

Miye naitwa Mwanaidi binti Mshamu, na wanaonijua wanajua kuwa subira nilinyimwa. Siku zile ndiyo kabisa. Mwanamke aliyefiwa na mumewe anajulikana: anakaa eda ndani, watu wanamletea uji, marehemu anasomewa khitima, na eda ikiisha anaoga, anatoka. Aliyeachwa naye anajulikana: anapewa talaka yake, anarudi kwao. Miye sikuwa huyu wala yule. Kila nikipika nabakisha. Kila mlango wa ua ukilia natoka kutazama. Asubuhi ubwabwa uliobaki nawatupia kuku, na kuku wangu wakanenepa mpaka majirani wakawasema na wao.

Habari niliyopewa ilikuwa fupi. Shaban, kakake Tamimu, ndiye aliyekuwa mkubwa wa mtumbwi siku ile. Alisema Tamimu alijitenga peke yake kwenye kijito cha pembeni kutafuta miti iliyonyooka, maji yakaanza kujaa, wakamngoja, wakamtafuta, wasimwone. Siku ile zilipita mashua za watu wa Mafia, basi lazima kapanda humo.

"Tamimu miguu yake myepesi tangu utoto, shemeji," Shaban akaniambia, huku anatazama makuti ya paa. "Atarudi."

Tamimu! Mtu ambaye akienda Kibiti kununua chumvi anarudi mbio kabla sijafunika sufuria. Nikakataa. Moyo wangu ulikuwa umekwisha kuniambia kuwa amekufa, na kama amekufa, basi yuko mahali hajaoshwa, hajasaliwa, hana sanda, na juu yake anatukanwa kisimani. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Nilitaka mume wangu azikwe kama Mwislamu na miye nikae eda yake. Sikutaka kingine.

Nikaenda kwa Mwalimu Bashiru, anayetusalisha msikitini pale kijijini, nikamwomba amsalie Tamimu sala ya asiyekuwepo. Mwalimu ni mpole, lakini sheria anaishika.

"Mwanangu, kuna mtu aliyeiona maiti?"

"Hakuna."

"Kuna ndugu anayeshuhudia kuwa kafa?"

Shaban alikuwa amekaa pale pale barazani, anachokonoa kucha na kijiti. "Ndugu yangu yu hai," akasema. "Mfa maji haachi kutapatapa, Mwalimu. Shemeji anatafuta cha kushikilia tu."

Nilitamani kumpiga na kata ya maji. Nikajizuia, nikaondoka bila kuaga, na kwetu sisi kuondoka kwa mkubwa bila kuaga si jambo dogo.

Sasa nikueleze kanga. Idd iliyotangulia Tamimu alininunulia doti kwa Ladha, yule Muhindi wa Kibiti mwenye duka la nguo mbele na chumba cha picha nyuma. Kanga nyekundu, nyekundu haswa, ina mananasi meupe. Kabla sijaikata nikaikunja niipige pasi, kaa la moto likaruka kutoka kwenye pasi likatua juu yake, likatoboa vipande vyote viwili kwa mpigo mmoja. Nililia kama nimefiwa. Tamimu akacheka, akaikata doti mwenyewe, akasema basi kila mmoja ana kanga na tundu lake. Asubuhi ya kwenda Salale akajifunga yake kiunoni. "Ukinikumbuka tazama tundu lako," akasema, "nami ntatazama langu." Alikuwa na maneno ya kipuuzi namna hiyo, na miye niliyapenda yote.

Nilikuwa nimejitanda hiyo yangu siku niliyokwenda Kibiti kununua mafuta ya taa.

Dukani alikuwapo Mama Ladha, jina lake Maniben. Mzee Velji mumewe alikufa Ladha akiwa bado wa kubebwa, na tangu hapo yule mama havai ila sari nyeupe. Mikono haina bangili, paji la uso halina tone. Lakini vidole vyake, ukivitazama, vina kila rangi aliyoiumba Mungu, kwa sababu ndiye aliyekuwa akipaka rangi picha za mwanawe. Zama zile za Mwingereza picha zetu zilitoka nyeusi na nyeupe. Ukitaka rangi, Mama Ladha anakuuliza, kanzu yako rangi gani, kilemba rangi gani, kisha anazungushia pamba kwenye kijiti, anachovya kwenye vichupa vyake, anakupaka polepole mpaka unang'aa kama bwana harusi. Nusu ya wanaume wa Kibiti wametiwa wanja na yule mama bila kujua.

Nikamwamkia. Hakuitika. Alikuwa anatazama kanga yangu.

"Mwanaidi," akasema, "mwenzake yuko wapi?"

"Mwenzake nani?"

"Mwenzake kanga."

"Kaenda nayo Tamimu."

Akainuka. Akafungua kile kimlango cha kaunta, akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia, akanipeleka nyuma.

Kile chumba kilinuka dawa. Ukutani ilikuwapo picha kubwa kama sinia la pilau, haina mtu wala kiti wala pazia. Miti na maji tu. Bwana Misitu wa Utete, yule Mzungu, alikuwa amemtuma Ladha akapige picha mikoko ya Salale ikatundikwe kwenye maonyesho Dar es Salaam, akaagiza ipakwe rangi ipendeze. Na Mama Ladha alikuwa ameipendezesha. Majani kijani kama kasuku. Maji bluu.

"Mama Ladha," nikasema, "maji ya Salale ni rangi ya chai ya maziwa. Bluu umeitoa wapi?"

"Sijafika Salale mimi. Usinicheke. Tazama hapa."

Kidole chake kikagusa katikati ya picha, ndani ya kivuli cha mikoko. Pale kijani kilikuwa kimeparara, na madoadoa meupe yamechomoza.

"Nilidhani ni kinyesi cha ndege. Sikupenda weupe ule ukae katikati ya picha nzuri, weupe ninao wa kunitosha. Nikapaka majani. Asubuhi meupe yametoka. Nikapaka tena, nikaweka rangi nzito. Asubuhi yametoka tena. Kazi hii nimeifanya tangu Ladha hajaota ndevu, rangi haijawahi kunikataa. Basi nikachukua hii."

Akafunua kitambaa mezani. Ilikuwapo picha ile ile, haijaguswa na rangi. Akanipa kioo cha kukuzia.

Mwanzo sikuona kitu. Halafu macho yakazoea ule weusi na ule weupe na kijivu katikati yake, miti ikaanza kujitenga mmoja mmoja, mizizi ikajitenga na maji. Nikaona kitambaa kimefungwa juu ya tawi. Kina mananasi. Pembeni kina tundu.

Nikavua kanga yangu begani, nikaitandaza mezani kando ya picha. Tundu langu na tundu lile, mahali pamoja.

Kisha chini ya kanga ile nikamwona Tamimu.

Wallahi nilimwona. Kasimama katikati ya mizizi, maji magotini, kifua wazi, kichwa kakiinamisha upande kidogo. Alikuwa na desturi ile. Nikimwita kutoka jikoni naye yuko mbali shambani, alikuwa akiinamisha kichwa hivyo hivyo, asikie vizuri. Pale kwenye picha alikuwa anasikiliza.

"Unamwona?" nikauliza.

"Namwona," akasema Mama Ladha. "Tangu jana namwona. Ndiyo maana nilipokuona na kanga ile nikakushika mkono."

Ladha akaingia na vitambaa vyake mabegani. Kijana mkimya, mpole, anayevaa miwani. Akachukua kioo, akatazama sana.

"Kitambaa ni kitambaa, nakubali," akasema. "Huyo mtu simwoni, dada Mwanaidi. Ile ni mizizi na kivuli."

"Si wewe uliyeipiga? Hukuona hata kitambaa?"

"Sikuona. Nilikuwa mtumbwini, mbali, na kule kila kitu ni kijani na tope. Macho yanashiba kijani, hayaoni kingine. Na hiyo nguo ilikuwa imekwisha kupigwa na maji mwezi mzima, nayo imekuwa tope. Ndiyo maana namwambia mama kila siku, ya watu paka, ya miti na maji usipake. Ukiweka rangi mtu anatazama rangi. Ukiiacha, anatazama kilichopo."

Mama yake akamwambia neno kwa Kihindi. Miye nilikuwa nimekwisha kukaa chini sakafuni, nalia. Yule mama akakaa nami, sari yake nyeupe yote kwenye vumbi.

"Nyinyi mkifiwa," akaniambia, "mna mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Sisi tukiingia hatutoki. Lakini wewe mwanangu, wewe hata kuingia hujaingia."

Nikarudi Mtunda. Nisikufiche, tangu saa ile sikuwa mzima. Mchana kweupe, nimekaa nachambua mchele, magoti yanaingia baridi. Nikitazama, makavu. Nikawa siwezi kukaa kitako raha. Nikikaa nawaza, miye nimekaa, yeye kasimama. Shambani kwenye dungu langu, pale ninapolinda mpunga, ndege walikuwa wanashuka kula, nami sipigi kelele za kuwafukuza, maana nilihisi kuna mtu anasikiliza, na nikipiga kelele sitasikia atakalosema. Ndege wakala walivyotaka.

Mwisho nikasema, Mwanaidi, utakuwa mwendawazimu, kina mama wa kisimani wapate pa kushukia. Nikamfuata Mwalimu Bashiru. Nikamfuata na Shaban, nikamwambia kama yeye ni mwanamume twende Kibiti akatazame. Alitoa udhuru wa mguu. Nikamwambia mguu huo umekuuma lini, jana ulicheza ngoma. Akaja.

Tukawa sote ndani ya kile chumba nyuma ya duka: Mwalimu kwenye kiti cha kupigia picha, Shaban mlangoni, Ladha na mamake, na miye nimeshika kanga yangu. Nikamwonyesha Mwalimu ile picha isiyo na rangi. Akaileta karibu na pua, akaipeleka mbali.

"Macho yangu yamezeeka," akasema. "Naona weusi na kijivu. Shaban, tazama weye."

Shaban akatupa jicho, akaliondoa. "Kitambaa. Kanga za mananasi nusu ya Kibiti wamevaa."

"Na tundu?" nikasema.

"Nguo ya mikokoni haikosi tundu, shemeji. Mtu hazikwi kwa picha. Ndugu yangu yu hai."

"Unaapa?"

"Yu hai!" Akapaza sauti kiasi cha Ladha kuruka. Nikastaajabu. Shaban si mtu wa kupiga kelele.

Mama Ladha akavuta kiti, akakaa mbele ya ile picha kubwa iliyopakwa rangi, akachukua pamba na dawa, akafuta kijani chote pale katikati. "Mzee haoni vizuri," akasema. "Ngoja nimpakie nguo ile aione. Mwanaidi, rangi gani?"

"Nyekundu."

"Nyekundu ya damu au ya tofali?"

"Ya damu."

Akachovya. Akaanza kupaka, polepole, akiruka mananasi yabaki meupe. Kanga ikaanza kutokea ndani ya miti ile ya kijani, nyekundu, inawaka. Mwalimu akainuka kitini. "Ee, sasa naona," akasema. "Naona. Ni kanga."

Nyuma yangu nikasikia kitu kimeanguka. Nilipogeuka, Shaban alikuwa amepiga magoti mlangoni, kafunika uso kwa viganja viwili, kichwa kakiinamisha, vile watu wanavyofanya wakipita mbele ya mzimu.

"Funika!" akasema. "Funika hiyo, mama, funika!"

"Shaban," akasema Mwalimu, "una nini?"

"Ndiyo ile. Niliiona."

Mama Ladha akashusha kijiti.

"Tulikuwa tunamtafuta," akasema Shaban, bado kajifunika. "Tukakunja kona ya kijito, nikaona nguo nyekundu juu ya mti. Nyekundu, Mwalimu! Mtoto gani wa Rufiji asiyejua nguo nyekundu mtini ni ya mzimu? Nikawafanyia wenzangu ishara wainamishe vichwa. Nikageuza mtumbwi."

"Na Tamimu hamkumwita?" nikauliza.

"Pale hutaji jina la mtu. Ukilitaja linachukuliwa."

Nikadhani amemaliza. Mabega yake yalikuwa yanaruka.

"Yeye ndiye aliyeniita," akasema. "Sauti yake kabisa. 'Kaka Shaban! Kaka Shaban!' Mikokoni ukiitwa na usiyemwona, huitiki. Baba alitufundisha. Ukiitika umekwenda. Sikuitika. Niliwaambia wenzangu wapige kafi. Akaita tena, tukapiga kafi."

Ningekuambia nilimrukia. Hata sikuweza. Nilikuwa nawaza jambo moja tu, nalo hadi leo likinijia naacha ninachokifanya. Shaban alisema, baba alitufundisha. Aliwafundisha wote wawili. Basi Tamimu pale alipokwama alizisikia kafi zinakaribia, akavua kanga yangu kiunoni akaifunga juu ili waione, akaita, kisha akazisikia kafi zinakwenda zake. Na alijua kwa nini hajibiwi. Alimjua kakake. Angekuwa yeye mtumbwini, naye asingeitika.

Mama Ladha akaifunika ile picha kwa kitambaa. Mwalimu Bashiru akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," na kwa mara ya kwanza maneno yale yalisemwa kwa ajili ya mume wangu.

Tuliondoka siku za bamvua, maji yanapopwa sana na kuacha tope wazi. Mwalimu akaniambia mwanamke hafuati jeneza. Nikamwambia, jeneza liko wapi, Mwalimu? Siendi kuzika, naenda kumchukua mume wangu. Akakuna ndevu, akaniacha. Ladha akaja nasi aonyeshe njia. Nyamisati, tulipopanda mtumbwi, Shaban akashika kafi ya nyuma mwenyewe.

Ukiwa ndani ya mikoko ya Salale ndipo utakapojua kwa nini watu hupotea. Kijani kulia, kijani kushoto, kijito hiki ni pacha wa kile. Ladha alikuwa amebeba picha mbili. Akaifunua kwanza ile ya mamake yenye rangi, tukaitazama, tukatazama miti. Kila kona ilifanana nayo. Akaiweka chini, akafunua ile ya nyeusi na nyeupe, akaishika mbele ya uso. Sasa tukawa tunatafuta umbo: mkoko uliolala, mzizi wenye panda, mahali mwanga unapoingia. Mtumbwi ukaenda taratibu. Nikawa wa kwanza kuona. Nikanyoosha mkono.

Ilikuwapo juu ya tawi. Hapakuwa na wekundu. Jua na chumvi vilikuwa vimeula wote, imebaki nguo imepauka, inaning'inia. Ungepita chini yake mara ngapi usiione.

Shaban akaruka. Tope likamshika mapajani. Akaenda anajivuta kwa mizizi hadi chini ya ile kanga, akaingiza mikono ndani ya maji meusi, akapapasa. Kisha akasema, "Mguu umebanwa na mizizi miwili. Umeingia hautoki." Alisema kama mtu anayeeleza kazi.

Halafu akainua uso, akapaza sauti, mikoko yote ikasikia: "Naam!"

Ndege wakaruka.

"Naam, Tamimu! Naam, ndugu yangu! Nimekuja! Naam!"

Akawa anaitika tu. Mwalimu alitaka kumnyamazisha, nikamshika Mwalimu mkono. Nilikuwa nimemchukia Shaban njia nzima, nikipanga maneno ya kumwambia nikimwona ameshika mifupa ya mume wangu. Yote yakanitoka. Nilimwacha aitike mpaka sauti ilipokauka.

Kaa walikuwa wamefanya kazi yao, na sitakusimulia tulichokusanya. Tulimzika Salale penyewe, penye mwinuko mkavu karibu na minazi ya watu, kwa sanda na sala. Kanga niliifungua mwenyewe.

Mwalimu akaniambia eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, basi nusu yake nilikuwa nimekwisha kuikaa bila kujua, nikiwatupia kuku ubwabwa. Nikakaa ile nusu iliyobaki. Khitima ikasomwa. Kina mama wa kisimani walikuja wote na uji, wanalia kuliko miye, na hakuna aliyeitaja Mafia. Shaban alikuwa akiniletea kuni kila Ijumaa, anazitua nje ya ua, anakohoa kidogo, anakwenda. Nami kutoka ndani nilikuwa nikiitika, "Nimesikia, shemeji." Sikuwahi kuacha kuitika.

Nilipotoka eda safari yangu ya kwanza ilikuwa Kibiti. Kuna jambo lilikuwa linanivuta. Tamimu hakupigwa picha hata siku moja maishani mwake, alisema picha ni za wenye kiatu. Sura yake ilikuwa mahali pamoja tu.

Mama Ladha alikuwa ameniwekea ile isiyo na rangi. Ladha alikuwa amekataa kumpelekea Bwana Misitu picha iliyopakwa, akampelekea nyingine nyeusi na nyeupe, ya mahali pengine, akamwambia miti haipaki tena. Nikaketi, nikapewa kioo. Macho yakazoea weusi na weupe na kijivu. Mkoko uliolala, nikauona. Tawi, nikaliona. Kanga yenye mananasi, tundu pembeni, nikaviona.

Chini yake ilikuwapo mizizi.

Niligeuza picha huku na huku. Nikaipeleka dirishani. Nikafuta kioo kwa ncha ya kanga, nikatazama tena. Mizizi na kivuli, na maji yaliyotulia.

"Hayupo," nikasema.

"Hayupo," akasema Mama Ladha. "Nilitazama siku mliyorudi. Hayupo."

Nililia, na sikuona haya. Nilipigania azikwe, akazikwa. Magoti yangu hayakuingia baridi tena. Na sasa nilikuwa tayari kuingia baridi hadi shingoni ili nimwone mara moja tu, kainamisha kichwa, anasikiliza.

Yule mama akaniacha nilie mpaka nikachoka. Kisha akavuta vichupa vyake karibu, akazungushia pamba kwenye kijiti. "Lete," akaniambia kwa upole. "Kanga yenu tu. Nitaipaka nyekundu ile ile, kama ilivyokuwa Idd. Ukutani kwako itapendeza, kila atakayeingia ataiona."

Kijiti kilikuwa kimekwisha kuchovywa. Nikaweka kiganja changu juu ya picha.

"Usiipake, Mama Ladha," nikasema. "Ikiwa nyekundu watapita."

Akanitazama kidogo, akafuta kijiti chake, akafunika kichupa.